Kushoto kwa Nani?

Madoka alishuka basi saa saba na robo mchana, boksi la keki mkononi na hotuba aliyoikariri tangu Osaka kichwani. Hotuba yenyewe ilikuwa tamu. Ilianza na "Ryohei, sikuja kukubembeleza," ikaishia na "sema neno moja tu, ndiyo au hapana, niende zangu." Katikati palikuwa na matusi mawili matatu ya adabu. Aliirudia kwenye treni, akairudia kwenye basi, mpaka bibi mmoja aliyekaa kiti cha mbele akageuka kumuuliza kama anaumwa.

"Basi la kurudi ni saa kumi," dereva alimwambia. "Baada ya hapo hakuna lingine mpaka Jumatatu. Usichelewe, dada. Huku mtu akichelewa basi huolewa." Akacheka peke yake, akaondoka.

Kijiji cha Orase kina nyumba ishirini na mbili, zimebanana pale mto unapopinda. Milima ilikuwa imegeuka myekundu, mpunga ulikwisha vunwa, na matunda ya kaki yaliyomenywa yalining'inia yakikauka kwenye kila upenu. Nyumba ishirini na moja zilikuwa kimya kabisa. Watu wote walikuwa kwenye ile ya ishirini na mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kina Ryohei.

Madoka akasimama. Alikuwa amejitayarisha kumkuta mtu mmoja shambani. Hotuba yake haikuwa na nafasi ya watu arobaini.

Upande mmoja wa paa lile kubwa ulikuwa uchi, miti yake ya makombamoyo nje, na wanaume walikuwa wamejipanga juu yake mstari kwa mstari wakifunga nyasi mpya. Mafungu yalipanda mkono kwa mkono kutoka chini. Mzee mmoja mfupi, mikono kiunoni, alikuwa amesimama mgongoni mwa paa akimtukana kila mtu kwa zamu.

Na pale katikati, kitambaa kichwani, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa Ryohei.

Mwaka mmoja na miezi miwili Madoka alikuwa anamkasirikia mtu huyu kwa bidii. Alidhani hasira imekwisha kula mapenzi yote, kumbe ilikuwa inayalinda tu yasiharibike. Ryohei akainua uso, akatazama upande wa barabara. Madoka, mwanamke jasiri aliyesafiri saa saba kuja kumwaibisha mtu, akajificha nyuma ya rundo la nyasi.

"Unamtafuta nani, binti?"

Akageuka. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka sitini hivi, aproni nyeupe, upawa mkononi. Macho yalikuwa yaleyale ya Ryohei, isipokuwa haya hayakutabasamu.

"Shikamoo, Mama. Naitwa Madoka, nimetoka..."

"Osaka," mwanamke akamalizia. "Ndiye wewe wa miwani."

"Ndiye mimi."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Basi huyo ndiye wa kumwita Mama. Mimi niite Fusae, au niite mwenye nyumba, au usiniite kabisa."

Ni kweli, alikuwa wa miwani. Madoka aliuza miwani dukani Osaka, na Ryohei, wakati huo fundi wa lifti, alimletea miwani ileile mara nne katika mwezi mmoja, imepinda palepale. Mara ya nne Madoka alimwambia, "Kaka, hii haipindi yenyewe. Kama una la kusema, sema, uiache miwani ipumzike." Ndivyo walivyoanza. Miaka mitatu walipendana, mpaka siku Ryohei alipoitwa nyumbani kumzika baba yake. Hakurudi tena. Ilirudi barua ya mistari minne: Usinisubiri. Huku si mahali pako. Tafuta wa kukufaa. Nisamehe.

"Nilikuwa na wana wawili," Mama Fusae akasema, sauti haipandi wala haishuki. "Mkubwa, Hideki, alioa binti wa Nagoya. Mzuri, mcheshi, mwenye koti zuri kama hilo lako. Theluji ilipofika dirisha la juu akafunga mabegi. Hideki akambebea. Sasa nina mmoja."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Madoka aliliona hilo waziwazi, na likamuuma, maana hakuwa amekuja kumchukia mtu mwingine zaidi ya Ryohei.

"Sikuja kumchukua," akasema. "Nimekuja kumuuliza swali."

"Swali gani?"

"Kama ananitaka."

"Na akisema ndiyo?"

Safari yote ile Madoka alikuwa amejiandaa kwa "hapana." Alikuwa na jibu la "hapana," na jibu la kunyamaza, na hata jibu la kuletewa mchumba mwingine mbele ya macho yake. Kwa "ndiyo" hakuwa na kitu.

"Nilijua," Mama Fusae akasema, na kwa mara ya kwanza ilionekana kama anamwonea huruma. "Kula tonge la wali pale, upumzike, basi lako ni saa kumi. Akishuka nitamwambia ulipita."

Labda mambo yangeishia hapo, maana hata ujasiri una kiasi chake. Lakini wakati huohuo mlango wa nyumba ulifunguka kwa kishindo akatoka mwanamke mweusi kwa masizi toka utosini mpaka kidoleni, jicho moja amelifumba, analia na kutukana kwa pamoja.

"Jicho langu! Limeingia sizi la babu yake babu!"

"Shizue!" yule mzee wa mgongoni mwa paa akapiga kelele. "Nani anapokea sindano huko darini? Mvua iko nyuma ya mlima wa pili, na wewe unatoka kupunga upepo?"

"Nimepofuka, Mzee Kisaburo!"

"Una jicho la pili! Mungu hakukupa mawili kwa urembo!"

Shangazi Shizue, dada wa marehemu baba yake Ryohei, akalitumia hilo jicho la pili kutazama huku na huku. Wanawake wote walikuwa na mikono ndani ya wali na supu, maana watu arobaini hawalishwi kwa maneno. Jicho likasimama kwa Madoka, likampima upana.

"Wewe. Unaogopa masizi?"

"Siogopi."

"Buibui?"

"Naogopa sana."

"Afadhali, husemi uongo. Vua koti."

"Shizue, huyu ni mgeni," Mama Fusae akasema.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Hajamaliza hata saa moja!"

"Basi mvua nayo umwambie ingoje siku tatu." Na kabla Mama Fusae hajapata jibu, Shangazi alikwisha mshika Madoka mkono akamwingiza ndani, wakapanda ngazi ya kwanza, ya pili, mpaka darini chini ya paa.

Kulikuwa na giza na harufu ya moshi wa miaka mia. Shangazi alimpigisha magoti kwenye ubao, akamfundisha haraka haraka. Aliye nje anadunga sindano ya mwanzi, ndefu kuliko mkono, yenye kamba. Wewe wa ndani unaitoa kamba, unaipitisha juu ya kombamoyo. Sindano inatoka, inadungwa tena upande wa pili wa kombamoyo. Unairudishia kamba tunduni, anavuta, anakaza. Kamba ikiwa haikukumbatia mti, paa halina mwenyewe, upepo wa kwanza unalibeba.

"Ukiwa tayari, unasema 'Haya!' Basi. Usiongeze neno."

"Kwa nini nisiongee?"

"Kwa sababu wewe ni wa Osaka. Ukianza hutaacha." Shangazi akageuka kuondoka, akasita, akatabasamu kwa lile jicho moja. "Na anayedunga ni Ryohei. Nimemwona kupitia makombamoyo alivyotazama lile rundo la nyasi. Akijua ni wewe atajidunga mguu. Haya, kazi njema."

Akaachwa peke yake gizani.

"Shangazi! Sindano!"

Sauti ile! Hata kama ingepita ndani ya milima kumi angeijua. Sindano ikatoboa nyasi ikatokeza shibiri moja kutoka puani mwake. Akaitoa kamba. "Haya!" akasema kwa sauti nzito ya kuigiza. Sindano ikatoka, ikarudi upande wa pili. Akatunga kamba. "Haya!" Kamba ikavutwa, ikakaza juu ya mti, na nyasi zikalia chii. Madoka akacheka kimya kimya kama mtoto. Alikuwa ameshika ncha moja ya kamba, na Ryohei ameshika nyingine, na mwenzake hajui!

Wakafunga ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilifika mahali pake.

"Shangazi, sauti imekukauka leo," Ryohei akasema nje.

Madoka akakohoa.

"Pole. Ni masizi. Shangazi... nikwambie kitu? Usicheke."

Madoka akasogeza sikio kwenye nyasi.

"Basi la saa saba lilipopita, nimeona mtu pale kwenye rundo la nyasi. Koti la kijani. Nikasema ni yeye. Nilipotazama tena, hakuna. Sindano!"

"Haya!"

"Kila basi likipita naona mtu. Mwezi uliopita nilimkimbilia yule mama wa posta mpaka darajani. Nilipofika nikaona si yeye, sikujua la kusema, nikanunua stempu. Ninazo stempu arobaini sasa, Shangazi, na sina ninayemwandikia."

Madoka akauma kiganja chake mwenyewe asitoe sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na kicheko kinamkaba, vyote kwa pamoja. Mapenzi ni kikohozi, kuyaficha ni kazi, na kuyaficha ndani ya nyasi kavu ni kazi zaidi.

"Ile barua niliiandika siku tuliyomzika baba," sauti ikaendelea, sasa chini kabisa, maneno ya mtu anayedhani anasikiwa na shangazi yake peke yake. "Nilimwona Mama amekaa mekoni, mito minne ya kukalia imemzunguka, yote mitupu. Nikasema, nikimleta Madoka hapa, theluji itanitesea wanawake wawili badala ya mmoja. Nikaona ni heri niteseke mimi. Basi nateseka, Shangazi. Na sijaona bado nani amefaidi. Sindano!"

Sindano ya sasa ilikuja vibaya. Ilitokeza upande uleule wa kombamoyo ilikotoka ile ya kwanza, na ilikuwa inatafuta njia kwa kupapasa. Madoka, macho yamejaa maji na kifua kimejaa maneno ya miezi kumi na minne, akasahau kila alichoambiwa.

"Kushoto!" akapiga kelele. "Kushoto kidogo! Kushoto!"

Sasa, kuna jambo ambalo Shangazi Shizue hakumfundisha, kwa sababu samaki hafundishwi kuogelea. Orase hakuna mtu anayesema kushoto akiwa darini. Mpokeaji na mdungaji wanatazamana uso kwa uso, nyasi katikati, kwa hiyo kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Mababu waligombana vya kutosha juu ya hilo, wakaamua kila paa litakuwa na pande mbili tu: mtoni na mlimani. Mto ni mmoja, mlima ni mmoja, na kila mtu anajua ulipo.

Ryohei, masikio yamemtangulia akili, akasukuma kushoto. Kushoto kwake. Sindano ikazidi kwenda mbali na mti. Madoka akatunga kamba hivyohivyo, akasema "Haya!", na Ryohei akavuta kwa nguvu zake zote kamba ambayo haikuwa imeshika kitu chochote hapa duniani.

Kamba ikatoka nzima. Ryohei akaenda nayo. Aliketi kwa makalio, akateleza hatua nne, akadaka gogo la kukanyagia huku miguu ikipiga hewa. Paa zima likaangua kicheko.

Halafu kicheko kikakatika.

"Kushoto?" Mzee Kisaburo akauliza polepole kutoka juu. "Kushoto kwa nani?"

"Shangazi Shizue yuko pale kisimani anaosha jicho," mtu mmoja akasema.

"Basi ndani yuko nani?"

Madoka akajikunja gizani. Akasikia hatua zinapanda nyasi, za haraka, kisha zikasimama karibu kabisa. Akasikia mtu anahema.

"Madoka?"

Akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Madoka, ni wewe?"

"Hapana," Madoka akasema.

Paa likalipuka tena. "Amesema si yeye!" "Muulize ni nani basi!" "Huyo ni wa Osaka, nimesikia ile hapana yake!"

"Umeingiaje humo?" Ryohei akauliza, sauti imempanda na kumshuka. "Umekuja lini? Umesikia... umesikia yote?"

"Mpaka stempu."

"Mungu wangu."

"Barua ya mistari minne, Ryohei!" Hotuba iliyokaririwa ilikwisha potea njiani, na maneno aliyobaki nayo yalikuwa yake halisi. "Minne! Hata mtu anayerudisha kiatu dukani huandika zaidi. Nani alikutuma unichagulie mateso? Nilikuomba? Nilikwambia mimi ni sukari, nikiguswa na theluji nitayeyuka?"

"Nilitaka usiumie."

"Na huku kulia kila nikiona lifti ndiko kutoumia? Nafanya kazi ghorofa ya saba! Mwaka mzima napanda ngazi!"

Mtu fulani nje akasema "Maskini," kwa huzuni ya kweli.

"Ryohei," Mzee Kisaburo akaingilia, "mjibu mtoto wa watu. Mvua imefika mlima wa kwanza."

"Nakupenda," Ryohei akasema.

Mafungu ya nyasi yakakwama njiani, mkono kwa mkono.

"Nakupenda, na sijui la kufanya na hilo. Siwezi kurudi Osaka. Mama yuko peke yake, na mashamba, na hili paa. Na siwezi kukuomba uje, kwa sababu nimeshaona mtu akija, na nimeona alivyoondoka. Hayo ndiyo niliyopaswa kuandika. Mstari wa tano."

Madoka akaweka kiganja kwenye nyasi. Nje yake, unene wa mkono mmoja tu, alijua Ryohei yupo. Sasa "ndiyo" imekuja, na swali la Mama Fusae likarudi na kukaa mbele yake. Akiondoka na basi la saa kumi, atakuwa amepata alichokifuata. Akibaki, abaki kwa idhini ya nani?

Nyuma yake ngazi ikalia. Mama Fusae alitokeza, aproni nyeupe imekwisha kuwa nyeusi. Huko chini alikuwa amesikia kila neno, na nani ambaye hakusikia? Madoka akasubiri kufukuzwa.

"Sogea," Mama Fusae akasema, akapiga magoti kando yake. Akainua sauti. "Ryohei! Mvua haisubiri mapenzi. Sindano!"

"Mama?"

"Sindano nimesema!"

Sindano ikaingia. Mama Fusae akamsukuma Madoka kwa kiwiko. "Mti uko wapi?"

"Ku..."

"Mto unausikia?"

Madoka akatega sikio. Ni kweli, chini ya kelele zote, mto ulikuwa unanguruma kwa upande wake wa kuume. "Mtoni," akasema.

"Kwa sauti! Unauza miwani au unapokea sindano?"

"Mtoni! Mtoni kidogo! Haya!"

Kamba ikakumbatia mti, ikakaza. Nje wanaume wakashangilia kama wameona bao. Wakaendelea, mtoni, mlimani, haya, mtoni, haya. Mikono ya Mama Fusae haikuwa na haraka wala haikukosea. Madoka aliiga, akakosea, akapigwa kofi jepesi mkononi, akaiga tena. Jasho na masizi vilimtiririka shingoni. Alikuwa na hofu, na hajawahi kuwa na furaha kubwa kama hiyo.

Waliposikia honi ya basi darajani, mara mbili ndefu, hakuna aliyegeuza kichwa.

"Basi lako," Mama Fusae akasema.

"Nina kamba mkononi, Mama."

Neno lilimponyoka. Akangoja kusahihishwa. Mama Fusae akaichukua sindano iliyofuata, akatunga kamba, akaiachia. Honi ikapiga tena, kisha injini ikapanda kilima, ikafifia.

"Jumatatu kuna lingine," Mama Fusae akasema.

"Najua."

"Mke wa Hideki aliondoka kwa la Jumatatu." Sindano ikaingia, na mama akaendelea kuzungumza akiitazama. "Nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Mlimani, sema mlimani. Nilikuwa na neno mdomoni. Alinitazama, yule binti, akasimama na begi lake, akangoja. Nadhani alikuwa analingoja hilo neno. Nikasema moyoni, kama ni mke wa kweli atakaa mwenyewe, mimi nimbembeleze kwa nini, nina deni naye? Nikalimeza. Hideki akambebea begi." Akakaza midomo. "Miaka sita nimemlaumu yeye, nikamlaumu Hideki, nikailaumu theluji. Na neno lenyewe lilikuwa fupi tu."

"Neno gani, Mama?"

Mama Fusae akaiacha kamba. Akamgeukia kwa mara ya kwanza tangu apande, na Madoka akaona kwamba macho yale, yalipolegea, yalikuwa ya Ryohei kabisa.

"Kaa," akasema.

Madoka hakujua kama amejibiwa au ameambiwa. Mama aliliona hilo usoni mwake.

"Nakwambia wewe, mwanangu. Baridi ya huku ni kali, nami nina mdomo mbaya asubuhi. Sitakudanganya. Lakini nakuomba. Kaa."

Madoka akalia kwa sauti, bila haya, mikono imening'inia. Nje, Ryohei alipiga nyasi kwa kiganja.

"Mama! Mbona mmenyamaza? Mnafanya nini humo? Usimseme, Mama, kosa ni langu!"

"Ryohei!" Madoka akapiga kelele, kamasi na masizi na yote. "Mama yako ameniambia nikae!"

Mtu akaangusha fungu la nyasi. Lilisikika likibingirika mpaka chini.

"Na wewe?" Ryohei akauliza, na sauti ilikuwa ndogo ajabu kwa mtu mwenye mabega yale. "Wewe umesemaje?"

"Nimechoka kusema na nyasi! Njoo uniulize usoni!"

Walimsikia akiteremka paa kwa kuteleza, na Mzee Kisaburo akifoka, "Ngazi! Tumia ngazi, mwehu wewe, nani atadunga sindano!" na sauti kumi zikijibu kwamba watadunga wao. Mlango ukagongwa ukutani. Miguu ikapanda ngazi ya kwanza kwa mruko mmoja. Mama Fusae alilamba ncha ya aproni akajaribu kumfuta Madoka uso, akaishia kuyatapanya masizi mashavu yote mawili.

"Aa, basi," akasema, akaachilia aproni. "Akuone hivyohivyo."

Ryohei akatokeza kichwa darini. Kitambaa kilikuwa kimemvuka, nywele zimejaa mabua, na alipomwona Madoka pale, mweusi kama chungu, meno tu ndiyo yanaonekana, alipanda ngazi iliyobaki kwa magoti. Akamshika mikono yote miwili.

"Utakaa?"

Juu ya vichwa vyao tone la kwanza la mvua likapiga nyasi mpya.

"Nitakaa," Madoka akasema. "Lakini barua nyingine, Ryohei, usiniandikie maisha yako yote."